Sauti ya Mjakazi: Mwanamke Mweusi na Utunzi wa Michezo ya Televisheni Nchini Marekani

Makala haya yanahusu swali moja katika historia ya utunzi wa michezo ya televisheni: mwanamke Mweusi wa Marekani alipataje kusema kwa sauti yake mwenyewe katika chombo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimezoea kumsemea? Neno "sauti" tunalitumia hapa kwa maana iliyo pana kuliko ile ya fonetiki. Wahakiki wengi wanapozungumzia sauti halisi ya mhusika huishia kwenye lafudhi na msamiati, kana kwamba mtunzi akishayapata matamshi ya watu wake kazi imekwisha. Hatukubaliani nao, na sababu zetu zimo katika historia yenyewe.

Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya watangulizi: fulani alikuwa wa kwanza kupata kipindi, fulani wa kwanza kupata tuzo. Orodha ya namna hiyo ina faida yake, lakini huanzia pale ambapo mlango ulifunguliwa. Sisi tutakaa zaidi kwenye mchezo mmoja ambao televisheni iliuagiza, ikaulipia, kisha ikaufungia sandukuni.

Yafaa kwanza tuikumbuke hali aliyoirithi mtunzi wa miaka ya 1950. Mwaka 1944 mwigizaji mmoja wa redio, Marlin Hurt, Mzungu na mwanamume, alianza kuigiza sauti ya Beulah, mtumishi Mweusi wa nyumbani, katika kipindi cha Fibber McGee and Molly. Hurt alikuwa na desturi ya kuwapa mgongo watazamaji waliohudhuria studioni mpaka zamu yake ifike. Hapo hugeuka ghafla na kutoa sauti ya mwanamke Mweusi, nao watu wakaangua kicheko kwa kuona maneno yale yakitoka katika kinywa kile. Mwaka 1945 Beulah alipewa kipindi chake. Hurt alipofariki mwaka 1946, nafasi yake ilikuja kushikwa na Mzungu mwingine mwanamume, Bob Corley, na ni mwishoni mwa mwaka 1947 tu ndipo alipoletwa mwanamke Mweusi, Hattie McDaniel. Kipindi kilipohamia televisheni ya ABC mwaka 1950, kilianza na Ethel Waters, na baadaye Louise Beavers. Hawa walikuwa waigizaji hodari, lakini nyumba waliyoingia ilikuwa imekwisha kujengwa. Sauti ya Beulah ilifinyangwa na wanaume wawili wa Kizungu kabla mwanamke yeyote Mweusi hajaruhusiwa kuisema.

Mambo hayakuwa tofauti katika Amos 'n' Andy, kipindi kilichoanza redioni mwaka 1928 kikitungwa na kuigizwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll. Kilipopelekwa kwenye televisheni ya CBS mwaka 1951 waigizaji wakawa Weusi, ila maneno na matamshi yakabaki yale yale. Inasimuliwa kwamba Gosden alitaka kumfundisha mwigizaji Spencer Williams namna Weusi wanavyosema, naye Williams akamjibu kuwa amekuwa Mweusi maisha yake yote, kwa hiyo alidhani anajua. Chama cha NAACP kilikipinga kipindi hicho, na utayarishaji wake ukakoma mwaka 1953, ingawa marudio yaliendelea kuonyeshwa vituoni hadi mwaka 1966.

Hapa mwanaisimu atauliza: je, kosa lilikuwa katika lugha? Lorenzo Dow Turner alikwisha kuonyesha mwaka 1949, katika utafiti wake wa Kigullah cha pwani ya South Carolina na Georgia, kwamba usemi wa Weusi wa huko una mizizi ya Kiafrika katika majina, msamiati na hata sarufi. William Labov mwaka 1972 na Geneva Smitherman mwaka 1977 walieleza kwa mapana kwamba Kiingereza cha Weusi kina kanuni zake, na kwamba hata pale kinapokiacha kitenzi cha "kuwa" hukiacha kwa utaratibu. Usemi wa Beulah haukufuata kanuni hizo wala nyingine zozote. Ulikuwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi ili kichekeshe. Lakini hebu tuseme mtaalamu angeketi na miswada ile akairekebisha sarufi yake yote ikalingana na usemi wa Harlem. Beulah angebaki jikoni mwa akina Henderson akitatua matatizo ya akina Henderson. Kasoro ya msingi ilikuwa kwamba mwanamke huyu hakuwa na jambo lake mwenyewe analolitaka. Sisi tuliozoea kumcheka mtumishi wa nyumbani katika michezo yetu ya Kiswahili kwa sababu tu ya lafudhi ya kwao, tunaielewa vizuri kasoro hiyo.

Wakati Beulah akiwachekesha watazamaji, huko Harlem palikuwa na gazeti dogo, Freedom, lililoanzishwa na Paul Robeson. Humo walikutana wanawake wawili ambao makala haya yanawahusu zaidi. Lorraine Hansberry, aliyezaliwa Chicago mwaka 1930, alijiunga nalo mwaka 1951 kama mwandishi wa habari. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipokuwa imekwisha kutangazwa hapa Kenya, aliandika makala ya kuwatetea Wakikuyu dhidi ya propaganda ya Waingereza. Mkenya anayesoma A Raisin in the Sun hulikuta jina la Kenyatta kinywani mwa Walter Lee aliyelewa. Mchezo huo ulipofunguliwa Broadway tarehe 11 Machi 1959, Kenyatta mwenyewe alikuwa angali kifungoni Lokitaung.

Mwenzake, Alice Childress, alizaliwa Charleston na kulelewa Harlem na bibi yake. Katika Freedom alikuwa na safu ya mazungumzo ya mtumishi wa nyumbani aitwaye Mildred, ambayo ilikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 1956 kwa jina la Like One of the Family. Mildred akirudi kutoka kazini humsimulia shoga yake Marge mambo ya siku hiyo. Marge hatusikii neno lake hata moja; tunamjua kwa majibu ya Mildred tu. Katika mazungumzo yanayokipa kitabu jina lake, mwajiri anamwambia mgeni wake kuwa Mildred ni kama mmoja wa jamaa wa nyumba, na mgeni akishaondoka, Mildred anamweleza bibi huyo kwa utulivu kuwa jamaa wa nyumba hulia chumba cha kulia na yeye hulia jikoni. Tunaweza kumsoma Mildred kama jibu kwa Beulah. Lafudhi imo, lakini ni kiungo tu. Linalompa sauti ni kwamba amechagua msikilizaji wake, na msikilizaji huyo ni mwanamke wa hali yake.

Mwaka 1955 Childress alilipeleka swali hilo jukwaani katika Trouble in Mind. Mwigizaji Mweusi mzoefu, Wiletta Mayer, yumo katika mazoezi ya mchezo uliotungwa na Mzungu kupinga mauaji ya Weusi yafanywayo na makundi ya Wazungu. Katika mchezo huo wa ndani, mama anamtoa mwanawe kwa wale wanaomtafuta wamuue. Wiletta anajaribu kuyasema maneno hayo, anashindwa, na hatimaye anauliza ni mama gani anayeweza kufanya hivyo. Mwelekezaji anataka hisia. Wiletta anataka sababu. Mchezo ulifanikiwa katika ukumbi mdogo wa Greenwich Mews, ingawa Childress alikubali shingo upande kuubadili mwisho wake uwe wa mapatano. Watayarishaji walipotaka kuupeleka Broadway mwaka 1957 walidai mabadiliko zaidi, naye safari hii akakataa. Haukwenda.

Swali la Wiletta lilipata jibu katika televisheni miaka michache baadaye, au lingalipata kama televisheni ingalikubali. Baada ya ushindi wa A Raisin in the Sun, mtayarishaji Dore Schary alipewa na shirika la NBC kazi ya kuandaa michezo mitano ya kuadhimisha miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861. Mchezo wa kwanza, unaohusu utumwa, aliukabidhi kwa Hansberry. Schary alisimulia baadaye kwamba alipowatajia wakubwa wa shirika jina hilo walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akataka kujua mtunzi huyu ana maoni gani juu ya utumwa. Schary akidhani ni mzaha, akajibu kwamba anaupinga. Haukuwa mzaha. Swali lile linatueleza mengi kuliko hotuba ndefu: mwaka 1960, kwa watu wale, kuupinga utumwa kulikuwa bado ni upande mmoja wa mjadala.

Hansberry alikamilisha mswada wa The Drinking Gourd mwaka huo wa 1960. Jina lake linatokana na wimbo wa watumwa unaozitaja zile nyota za kaskazini zilizowaonyesha wakimbizi njia. Mahali ni shamba kubwa la pamba la Hiram Sweet, bwana mzee na mgonjwa anayejiona kuwa mwema. Rissa ni mjakazi mpishi wa nyumba hiyo. Amezeeka pamoja na bwana wake na wanataniana kama watu wanaojuana tangu ujana. Rissa amemwombea mwanawe Hannibal atolewe shambani aletwe kutumika nyumbani, na Hiram ameahidi. Hannibal hataki. Yeye anajifunza kusoma kwa siri kutoka kwa Tommy, mtoto mdogo wa bwana, na kwa malipo anamfundisha kupiga banjo. Siri inapofichuka, Everett, mwana mkubwa wa Hiram, anamwamuru nyapara amng'oe Hannibal macho.

Kiswahili, nasi tuseme kweli, hakimpi taabu anayetaka kuufasiri mchezo huu. Mtwana, mjakazi, mzalia, suria, nyapara: msamiati umetimia, kwa sababu ambazo pwani yetu haina haja ya kujivunia. Hannibal ni mzalia kwa maana kamili ya neno, na mtunzi anaonyesha kwamba ahadi ya kuingizwa nyumbani, ambayo kwa mzalia ilihesabiwa kuwa heshima, ndiyo mtego wenyewe.

Wema wa Hiram unajaribiwa baada ya ukatili huo. Anakwenda mwenyewe kwenye kibanda cha Rissa kumweleza kwamba hakuhusika. Rissa anamwuliza kama yeye si bwana wa mahali hapa. Hiram anatoka, anaanguka gizani nje ya vibanda, anaita msaada. Rissa anamsikia. Anaendelea kumwuguza mwanawe. Hakuna kibanda kinachofungua mlango, na mzee anafia hapo. Baadaye Rissa anaichukua bunduki ya bwana na kumkabidhi Sarah, mchumba wa Hannibal, waondoke usiku pamoja na mtoto Joshua, Sarah akimwongoza yule kipofu.

Tuangalie alichofanya mtunzi. Watazamaji wa Marekani walimjua mjakazi Mweusi wa nyumbani tangu filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939, ambayo McDaniel huyu huyu aliipatia tuzo ya Oscar. Mjakazi huyo kazi yake ni kuwapenda mabwana zake kuliko wanavyojipenda wao. Hansberry angeweza kumpa Rissa hotuba. Hakumpa. Alimpa nafasi ya kutokuitika. Mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa kuitwa na kuja, anaitwa na haji, na kamera ilikusudiwa kukaa juu ya uso wake muda huo wote. Hii ni mbinu ya televisheni hasa. Jukwaani uso wa mwigizaji uko mbali mno. Kwa maoni yetu hakuna mahali pengine katika miswada ya televisheni ya miaka ile ambapo sauti ya mwanamke Mweusi inasikika wazi kama katika kimya kile. Na hapo ndipo swali la Wiletta linapojibiwa: mama hamtoi mwanawe. Humwacha bwana afe.

Hansberry hakuyapata hayo kwa kubuni tu. Aliwahi kueleza jinsi alivyopelekwa utotoni Tennessee kumwona bibi yake aliyezaliwa utumwani, na New York alisoma historia ya Afrika chini ya W.E.B. Du Bois. Nyapara wake naye, Zeb Dudley, ni mkulima Mzungu maskini aliyesukumwa na njaa ya watoto wake, wala hakuchorwa kama shetani. Nadhani jambo hili liliwatia wakubwa hofu zaidi kuliko umwagaji wa damu, maana mtazamaji hakuachiwa mtu mbaya wa kumtupia lawama. Ulibaki mfumo mzima na uchumi wake.

Mswada ulisifiwa, ukalipiwa, ukawekwa kando, na mpango wote wa michezo mitano ukafutwa. Sababu za kibiashara si ngumu kukisia. NBC hii hii ilimpa Nat King Cole kipindi cha nyimbo mwaka 1956, na mwaka 1957 kikafa kwa kukosa mdhamini wa taifa zima, kwa vile makampuni yaliogopa kuwaudhi wanunuzi wa majimbo ya kusini. Ikiwa mwimbaji mpole aliyevaa suti aliwatisha, sembuse mjakazi mwenye bunduki. Hansberry alifariki tarehe 12 Januari 1965 akiwa na umri wa miaka 34, na mchezo ulichapishwa mwaka 1972 katika mkusanyo uliohaririwa na Robert Nemiroff, aliyekuwa mumewe.

Childress aliishi hadi mwaka 1994, na alipata kuona kazi zake zikionyeshwa. Tarehe 4 Machi 1969 kituo cha WGBH cha Boston kilirusha Wine in the Wilderness, mchezo alioutunga kwa ajili ya televisheni. Ghasia zimetokea Harlem. Mchoraji Bill Jameson anachora picha tatu za mwanamke Mweusi: msichana asiye na hatia, malkia wa Kiafrika aliyekamilika, na wa tatu, mwanamke aliyepotoka wa mitaani. Rafiki zake wanamletea Tommy, mfanyakazi wa kiwandani aliyepoteza vitu vyake katika ghasia hizo, ili awe kielelezo cha picha ya tatu. Tommy hajui. Anamsikia Bill akimsifu malkia kwenye simu, anadhani ni yeye anayesifiwa, na uso wake unachanua. Hapo mchoraji anaanza kumwona. Kisha mzee mmoja anamfichulia bila kukusudia.

Hapa Childress amekwenda mbele zaidi. Anayemsemea mwanamke sasa si Mzungu bali ni msomi Mweusi, mpenda Afrika, anayemsahihisha Tommy kila mara jinsi ya kuwataja watu wake. Lugha ya Bill ndiyo sahihi kisiasa na ya Tommy ndiyo yenye watu ndani yake. Sisi walimu wa lugha, tunaosahihisha Kiswahili cha wengine kwa kulipwa mshahara, tuna la kujifunza kwa Bill, ingawa binafsi sipendi mwisho wa mchezo unaomwongoa kwa haraka mno.

Wedding Band, uliohusu mshonaji Mweusi na mwokaji mikate Mzungu wa South Carolina mwaka 1918, waliopendana kwa miaka 10 mahali ambapo sheria ilikataza ndoa yao, ulionyeshwa na ABC mwaka 1974 kwa mswada wa Childress mwenyewe, Ruby Dee akiwa Julia. Baadhi ya vituo vya mtandao huo vilikataa kuurusha, na vingine viliusogeza hadi baada ya usiku wa manane.

Televisheni ya kibiashara ilishika njia nyingine. Julia, iliyoanza mwaka 1968 na Diahann Carroll akiwa muuguzi na mjane, ilibuniwa na Hal Kanter, Mzungu aliyewahi kuandikia Amos 'n' Andy. Katika Good Times, iliyoanza mwaka 1974, Esther Rolle alilazimika kudai familia ile iwe na baba, na mwaka 1977 aliondoka kwa muda kwa kuchukizwa na jinsi mhusika J.J. alivyofanywa kinyago. Mwigizaji alikuwa akifanya kazi ya mtunzi bila kalamu. Kalamu ilianza kuwafikia wanawake Weusi kwa uzito katika miaka ya 1980 na 1990, kupitia chumba cha waandishi, mahali ambapo watu kadhaa hutunga kipindi kimoja kwa pamoja. Yvette Lee Bowser alijifunza kazi hiyo katika A Different World, na mwaka 1993 akaanzisha Living Single. Shonda Rhimes aliandika mswada wa kwanza wa Grey's Anatomy, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2005, bila kutaja rangi za wahusika, na wako wanaosema kuwa hapo sauti ilipotea. Hoja yao inarudia kosa la kudhani sauti ni lafudhi. La kuuliza ni nani aliyeamua wahusika hao watake nini, na aliyeamua alikuwa Rhimes.

Swali la nani mwenye kuamua liliwekwa wazi kabisa na Michaela Coel, Mwingereza aliyezaliwa London na wazazi wa Kighana. Netflix ilipotaka kuununua mchezo wake mpya kwa dola milioni moja, aliuliza kama angebaki na sehemu yoyote ya hakimiliki. Alipojibiwa kuwa hapana, alikataa. Aliupeleka BBC, akabaki na haki zake na madaraka ya utunzi, akaandika rasimu 191, na I May Destroy You ikaonyeshwa mwaka 2020 katika sehemu 12. Arabella, mhusika mkuu, ni mwandishi kijana aliyebakwa na asiyekumbuka vyema kilichotokea. Kiingereza chake ni cha mitaa ya London, kimechanganyika na usemi wa watoto wa wahamiaji, wala hakuna anayefasiriwa kwa ajili ya mtazamaji wa nje. Katika sehemu ya mwisho mtunzi anaandika tukio moja mara kadhaa, kila mara kwa mwisho tofauti. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu asiyeumiliki mswada wake angeruhusiwa jambo hilo.

Mwezi Septemba 2021 Coel alipewa tuzo ya Emmy ya uandishi kwa kazi hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo huo Trouble in Mind ulifunguliwa Broadway, miaka 64 baada ya mwaka ambao ungefunguliwa kama mtunzi angekubali kuwabadilishia maneno. LaChanze aliigiza kama Wiletta. Childress alikuwa amekwisha kufariki miaka 27 kabla ya hapo.